Gugu Maji la Ziwa Victoria: Historia ya Ua Lililoletwa kwa Mkono

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini mwanahistoria ajishughulishe na magugu. Historia, kwa jinsi wengi wetu tulivyofundishwa, ni habari za watawala, vita, mikataba na vyama vya siasa. Magugu ni kazi ya bwana shamba. Jibu langu ni kwamba gugu maji la Ziwa Victoria ni hati ya kihistoria sawa na hati yoyote iliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa. Ukilisoma kwa makini litakueleza jinsi ukoloni ulivyohamisha mimea kutoka bara moja hadi jingine, jinsi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyokufa na kilichotokea ziwani wakati haipo, na jinsi Serikali zetu zinavyopenda kuzindua kuliko kutunza.

Najua wakazi wenzangu wa Kinyerezi, Tabata na Temeke wanaweza kudhani kwamba hili ni jambo la Kanda ya Ziwa, la watu walio safari ya basi ya kutwa nzima kutoka hapa tulipo. Naomba wasubiri. Nitakapofika mwisho nitaonesha kwa nini mkondo wa historia hii unapita pia katika vitalu vya maua vilivyo kando ya barabara zetu na katika bonde la Mto Msimbazi.

Bustani za wakubwa

Gugu maji ni mwenyeji wa bonde la Mto Amazon huko Amerika ya Kusini. Wataalamu wa Ulaya waliliandika katika vitabu vyao katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, nalo likapewa jina la kisayansi la Eichhornia kwa heshima ya Johann Eichhorn, waziri wa elimu wa Prussia. Mmea ambao baadaye ungezifunga bandari za Afrika ulianza safari yake ukiwa umebeba jina la mtumishi mkubwa wa serikali. Sababu ya kuupenda ilikuwa ua lake: la zambarau hafifu, lenye doa la manjano, linaloinuka juu ya majani yanayong'aa. Lilifaa sana kwenye mabwawa ya bustani za matajiri. Kwa njia hiyo lilifika Marekani, Asia, na kabla karne ya 19 haijaisha lilikuwa Misri.

Huu haukuwa mkasa wa mmea mmoja. Mwaka 1850 bustani ya kifalme ya Kew, London, ilipokea mimea kutoka kitalu cha Philipp Franz von Siebold, daktari Mjerumani aliyekuwa ameishi Japani na kisha kuanzisha biashara ya mimea mjini Leiden, Uholanzi. Miongoni mwake ulikuwemo mmea ambao Wajapani huuita itadori. Miaka mitatu kabla ya hapo mmea huo ulikuwa umetunukiwa nishani ya dhahabu mjini Utrecht kwa uzuri na manufaa yake. Leo hii huko Uingereza itadori hupasua lami na kupenya kwenye nyufa za kuta, na benki husita kutoa mkopo wa nyumba ambayo mmea huo umeonekana uani. Watafiti wamegundua kwamba itadori iliyoenea Uingereza nzima ni mmea mmoja wa kike uliojigawa kwa vipande vya mizizi, bila mbegu, kwa zaidi ya miaka 150. Sheria ya kukataza kuupanda porini ilikuja mwaka 1981. Kutoka nishani hadi katazo ilipita zaidi ya karne nzima.

Nchini mwetu serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilianzisha mwaka 1902 taasisi ya utafiti ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Miti kutoka pande zote za dunia ilipandwa kule ili kujua ipi ingeleta faida. Mmoja wao, Maesopsis eminii, asili yake si mbali sana, kwani ni mti wa misitu ya upande wa magharibi mwa Afrika Mashariki na Afrika ya Kati. Ulikaa kwa utulivu kwa miongo kadhaa. Kisha ukaja uvunaji mkubwa wa magogo uliofungua paa la msitu, nao mti ukaenea katika kila pengo lililoachwa na misumeno. Somo la Amani ni muhimu: mmea mgeni mara nyingi husubiri. Huletwa na kizazi kimoja, hufunguliwa mlango na kizazi kingine, na gharama hulipwa na cha tatu.

Gugu maji nalo lilifika Afrika Mashariki kwa njia hiyo hiyo ya polepole. Katika miaka ya 1950 lilikuwa tayari limeonekana katika mito ya Sigi na Pangani mkoani Tanga. Katika muongo huo huo lilitapakaa kwenye Mto Kongo kwa kasi iliyoishangaza serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, ambayo ilijibu kwa kumwaga dawa za kuua magugu bila kulimaliza. Kwa hiyo, miaka 30 kabla ya gugu kuingia Ziwa Victoria, tabia yake ilikuwa imekwisha kujulikana pande zote za ziwa hilo. Taarifa zilikuwepo, ila hakukuwa na aliyepewa kazi ya kuzifanyia jambo.

Ziwa lisilokuwa na mwenyewe

Mwaka 1988 gugu lilionekana katika Ziwa Kyoga, Uganda. Mwaka uliofuata lilikuwa Ziwa Victoria, na kufikia mwaka 1990 nchi zote tatu zilikuwa nalo. Chanzo kikuu kilikuwa Mto Kagera, ambao hukusanya maji ya Rwanda na Burundi kabla ya kupita mipakani mwetu na kuingia ziwani. Huko juu gugu lilikuwa limewekwa kama pambo tangu zama za Wabelgiji. Mto ukalibeba, kipande baada ya kipande, usiku na mchana.

Sasa tuangalie kalenda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka huo huo, ukafunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, bonde lile lile ambalo gugu lingepita. Mkataba wa kugawana mali za Jumuiya ulitiwa saini mwaka 1984. Jumuiya mpya haikuzaliwa mpaka Mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999. Gugu maji liliingia, likakua na kufikia kilele chake katika pengo hilo la miaka 22.

Kilichopotea si bendera na wimbo tu. Tangu mwaka 1947 kulikuwa na taasisi moja ya utafiti wa uvuvi wa maji baridi, makao yake yakiwa Jinja, iliyolitazama ziwa lote kama mwili mmoja. Jumuiya ilipokufa taasisi hiyo nayo iligawanyika, kila nchi ikaanzisha ya kwake. Yetu, TAFIRI, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1980. Wataalamu walikuwa wale wale, lakini boti za utafiti zilikoma kuvuka mistari ya mipaka ambayo samaki, upepo na magugu havikuitambua kamwe. Mtaalamu wa Bukoba aliyetaka kujua kinachoendelea Port Bell alitakiwa kupitia wizara mbili za mambo ya nje.

Pamoja na hayo, ilikuwa miaka ya marekebisho ya uchumi. Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na miaka iliyofuata ilikuwa ya kupunguza watumishi na kubana matumizi. Maofisa ugani na wataalamu wa mimea, yaani wale ambao kazi yao ni kuona jambo dogo kabla halijawa kubwa, hawakuwa na sauti katika bajeti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulipunguza mafundi wa kuziba nyufa, kisha tukakopa fedha za kujenga ukuta.

Namna gugu linavyoishi

Ili kuelewa siasa yake ni lazima tuelewe maisha yake. Gugu maji huelea kwa sababu mashina ya majani yake yamevimba na kujaa hewa kama sifongo. Mizizi yake haihitaji udongo. Huning'inia majini na kufyonza virutubisho moja kwa moja. Mmea mmoja hutoa vikonyo vinavyotambaa juu ya maji, na kila kikonyo huzaa mmea mpya. Pakiwa na joto na virutubisho vya kutosha, idadi yake huongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Mbegu zake huzama na zinaweza kukaa hai katika tope kwa takriban miaka 20. Hekta moja ya zulia lililoshonana ina uzito wa mamia ya tani.

Chini ya zulia hilo mwanga haupiti na hewa ya oksijeni hupungua. Sato na samaki wengine wanaohitaji maji yenye hewa hukimbia, ilhali kamongo na kambale, wanaoweza kupumua hewa ya juu, hupata makazi. Konokono wanaoeneza kichocho hupata pa kushikilia. Mwalo unafungwa: mvuvi hawezi kutoka, mwenye mtumbwi wa abiria hawezi kufika, mama anayechota maji anachota tope lililooza. Mwaka 1998, katika Ghuba ya Winam upande wa Kenya, zulia lilifunika takriban hekta 17,000.

Hapa nataka kuonya juu ya lugha. Tunapoita mmea "mvamizi" ni rahisi kuingiza hisia za kibinadamu, kana kwamba ugeni wenyewe ndio kosa. Mahindi, mihogo na mikorosho yote asili yake ni Amerika, nayo ndiyo inayolisha na kuvisha mamilioni ya Watanzania. Mmea mgeni huwa tatizo unapofika mahali ambapo hali inaufaa sana huku maadui wake wa asili wakiwa wamebaki nyumbani. Kule Amazon gugu maji huliwa na wadudu na kushambuliwa na magonjwa kila siku, hivyo hubaki mmea wa kawaida. Kwetu lilifika peke yake, bila anayelila.

Na hali ya kulifaa tuliiandaa wenyewe. Kwa miongo mingi Ziwa Victoria limepokea maji taka ya miji, udongo unaomomonyoka kutoka mashambani na vilima vilivyokatwa miti, pamoja na vumbi na moshi unaoshuka na mvua. Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji la Mwanza, ni mfano ambao kila mkazi wa jiji hilo anaujua kwa pua yake. Naitrojeni na fosforasi zinazoingia kwa njia hiyo ni mbolea. Tulilirutubisha ziwa kama bustani, kisha tukashangaa kuona lina magugu.

Sumu, mashine na mbawakavu

Serikali ziliamka pale uchumi ulipoguswa. Jijini Mwanza viwanda vya kusindika minofu ya sangara vilikuwa vikichipuka, na huko Jinja mazulia ya magugu yalitishia mitambo ya umeme ya Owen Falls. Tarehe 5 Agosti 1994 Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini mkataba wa pamoja uliozaa Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Victoria, ambao ulianza kazi mwaka 1997 kwa fedha za Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Ni haki kusema kwamba ushirikiano wa Afrika Mashariki ulianza kufufuka ziwani kabla haujafufuka Arusha. Gugu lilitulazimisha kuketi meza moja.

Mezani kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa sumu ya kuua magugu. Wenye kuitetea walisema ni ya haraka. Waliopinga, wakiwemo wanamazingira na watu wa viwanda vya samaki, waliuliza nini kitatokea kwa maji yanayonywewa na mamilioni ya watu, na soko la Ulaya litasema nini. Hofu hiyo haikuwa ya kufikirika. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya uliwahi kuzuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwanza kwa sababu za usafi na kipindupindu, na baadaye kwa sababu ya wavuvi waliotumia sumu kuvulia. Aidha, gugu linalouawa kwa mkupuo huzama, huoza na kumaliza oksijeni, huku virutubisho vyake vikirudi majini kulisha kizazi kinachofuata.

Njia ya pili ilikuwa mikono na mashine. Port Bell na Jinja mashine kubwa za kuvuna zilifanya kazi ya maana ya kufungua bandari na mitambo. Katika mialo ya kwetu kazi ilifanywa na wavuvi na wanawake waliosimama majini hadi kiunoni, katika maji yenye kichocho, wakivuta magugu kwa uma na mapanga. Kazi hiyo iliitwa "ushirikishwaji wa jamii". Ningependa wanafunzi wangu wajiulize mara zote neno hilo linapotumika: ni nani anayeshirikishwa katika kuamua, na ni nani anayeshirikishwa katika kubeba tu?

Njia ya tatu ndiyo iliyochekwa zaidi mwanzoni: kuwaleta maadui wa gugu kutoka kwao. Mbawakavu wawili wadogo wa jamii ya fukusi, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, walikuwa wamechunguzwa kwa miaka mingi na kuanza kutumika Marekani tangu mwaka 1972. Mdudu mzima hukwaruza jani. Kiwavi wake hutoboa shina na kuteremka hadi kwenye moyo wa mmea. Maji na vimelea vya kuoza huingia kwenye vijitundu hivyo, sifongo hujaa maji, na mmea huzama pole pole. Majaribio yalionesha kwamba hawa hawageukii mazao, kwa kuwa hawawezi kukamilisha maisha yao bila gugu hili. Uganda iliwaachia katika Ziwa Kyoga mwaka 1993 na Ziwa Victoria mwaka 1995. Kenya na Tanzania zikafuata ziwani mwaka 1997. Vituo vya kuwazalisha vilijengwa kandokando ya ziwa, na wavuvi wakabeba kwa mitumbwi magugu yenye wadudu hadi kwenye mazulia ambayo hayajafikiwa.

Wataalamu wetu hawakuanzia sifuri. Pale Kibaha, umbali mfupi tu kutoka Kinyerezi kwa barabara ya Morogoro, kuna kituo cha Wizara ya Kilimo cha udhibiti wa wadudu kwa njia za kibaolojia. Kinahusiana na mapambano ya awali dhidi ya kidung'ata wa mihogo, mdudu kutoka Amerika ya Kusini aliyeingia Kongo mapema miaka ya 1970 na kutishia chakula cha bara zima. Aliyemshinda kidung'ata ni nyigu mdogo aliyepatikana Paraguay mwaka 1981. Mtafiti Hans Rudolf Herren, aliyeongoza kazi hiyo na baadaye kuongoza taasisi ya ICIPE jijini Nairobi, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Ni wangapi kati yetu tunaojua kwamba bei ya muhogo sokoni Temeke ina deni kwa nyigu?

Ushindi uliosahauliwa

Kati ya 1998 na 1999 mazulia yalianza kuzama. Ghuba zilizokuwa kijani zikawa maji. Wanasayansi wamebishana kuhusu sababu. Wapo wanaosema kwamba mvua za El Niño za 1997 na 1998, kwa mawingu yake, mawimbi yake na kupanda kwa kina cha maji, ndizo zilizoangusha gugu. Wengine wanajibu kwamba mawimbi yalivunja mimea ambayo tayari ilikuwa imedhoofishwa na mbawakavu, na kwamba muda wa kupungua unalingana na muda ambao wadudu hao huhitaji ili kuleta athari. Mimi si mwanabaolojia na sitajifanya hakimu. Nionavyo, hoja zote mbili zinaweza kukaa pamoja: dhoruba huangusha kwanza mti ulioliwa na mchwa.

Jambo linalomhusu mwanahistoria ni kilichofuata. Hatari ilipopungua, hamu nayo ilipungua. Mradi ulipofikia ukingoni, kazi ya kila siku ya kuzalisha wadudu, kupima mazulia na kuandika takwimu haikuwa tena na mfadhili. Mbawakavu hawapotei kabisa, lakini gugu linapozama huzama nao, nalo huibuka upya kutokana na mbegu haraka kuliko wadudu wanavyozaana. Ni lazima awepo mtu wa kuwapeleka tena. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilisukuma virutubisho vipya ziwani, na Ghuba ya Winam ikafunikwa tena. Tangu hapo gugu limekuwa likienda na kurudi, na kila linaporudi tunashtuka kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 magugu yalikwamisha vivuko vya Kigongo–Busisi, abiria na wagonjwa wakakaa majini kwa saa nyingi. Safari hii jina jipya lilisikika, salvinia, mmea mwingine unaoelea, asili yake Brazili. Nao si mgeni katika vitabu: ulilifunika Ziwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1950 na mapema 1960, na ulifunga Mto Sepik huko Papua New Guinea mpaka mdudu wake mahsusi, Cyrtobagous salviniae, alipopelekwa huko mapema miaka ya 1980. Kwa mara nyingine ujuzi upo. Swali ni kama upo pia wa kuutumia kabla ya gharama kupanda.

Wenzetu wa Kenya wana kisa kinachopaswa kusomwa na kila mtumishi wa umma. Mapema miaka ya 1980 mti wa mathenge ulipandwa Baringo kwa nia njema kabisa: kuzuia jangwa na kupata kuni, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Mti ukaota kuliko ulivyotarajiwa, ukafunga malisho, na maganda yake yenye sukari yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wananchi waliipeleka Serikali mahakamani jijini Nairobi, wakamfikisha mbuzi asiye na meno kuwa ushahidi. Magazeti yalicheka, lakini hoja ya wafugaji wale ilikuwa nzito kuliko kicheko: anayeleta mmea kwa niaba ya wananchi awajibike kwa wananchi hao mmea unapowaharibia maisha.

Kazi iliyo mbele yetu

Hatuna upungufu wa karatasi. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Tunayo Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyozaa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yenye makao makuu Arusha. Tunao mkakati wa kitaifa wa viumbe vamizi uliotolewa na Ofisi ya Makamu wa Rais mwaka 2019. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ipo Kisumu. Ila mpangilio wa vipaumbele vyetu bado ni ule wa miaka ya 1990: mashine hununuliwa, utepe hukatwa, picha hupigwa. Kiongozi hapigwi picha akizindua beseni lenye mbawakavu mia tatu. Matokeo yake huonekana baada ya miaka mitatu hadi mitano, pengine uchaguzi mwingine ukiwa umepita, na anayesifiwa si yule aliyeanza.

Kwa watumishi wa umma, hasa wa halmashauri za Kanda ya Ziwa, nasema hivi: wekeni kifungu cha kudumu, hata kikiwa kidogo, cha kuzalisha na kusambaza wadudu hawa, kisichotegemea mradi wala mfadhili. Kifungu kidogo cha kila mwaka ni nafuu kuliko mtambo mkubwa wa dharura. Na mtambueni adui halisi: maji taka. Kila mtaro wa Mwanza, Musoma na Bukoba unaosafishwa kabla ya kufika ziwani ni pigo kwa gugu kuliko siku nzima ya kung'oa kwa mikono.

Kwa wanaharakati, naomba muwaulize wanaowaita wavuvi kung'oa magugu "kwa kujitolea" kama nao wangejitolea kusimama katika maji ya kichocho bila buti, bila dawa na bila posho. Uchafu wa ziwa umetengenezwa na miji na viwanda. Si haki usafi wake uachwe mabegani mwa mwalo.

Kwa sisi wa Dar es Salaam, tutazame vitalu vyetu vya maua. Sisemi wauzaji wale ni wakosaji. Ni vijana na akina mama wanaojitafutia riziki kwa jasho. Lakini mimea huingia nchini na kuhama mkoa hadi mkoa bila mtu kuuliza asili yake, na mingi tunayotupa baada ya kufyeka bustani huishia kwenye mifereji inayoteremka Msimbazi. Bonde hilo hufurika, lina maji yaliyorutubishwa na taka zetu, na lina joto mwaka mzima. Kila sharti ambalo gugu maji lilihitaji kule ziwani limekwisha kutimizwa hapa. Lantana na mlusina zimekwisha kutwaa viwanja vingi vya wazi bila hata kupewa jina la tatizo. Kwa nini kila kata isiwe na orodha fupi, yenye picha, ya mimea isiyofaa kuuzwa, ikabandikwa kwenye ofisi ya mtendaji na kufundishwa kwa wenye vitalu kabla ya kuwaadhibu?

Na kwa wanafunzi, utafiti upo wa kufanya. Wazee walioendesha vituo vya kuzalisha mbawakavu mwishoni mwa miaka ya 1990 wengi wamestaafu. Wanakumbuka ni ghuba zipi zilifunguka kwanza, ni mialo ipi iliwatunza wadudu na ipi iliwamwaga, na fedha zilipokatika nani aliendelea kuwalisha kwa mfuko wake. Sehemu kubwa ya ujuzi huo imo vichwani mwao. Anayetafuta mada ya tasnifu aanze na hao, kabla hawajaondoka nao.